Daftari la Werribee: niliyojifunza nikipima vijana kabla ya drafti

Kila mwaka kipupwe kinapoingia Melbourne, miezi ileile ambayo hata Tanga hewa hupoa na watu hutoa masweta sandukuni, mimi hujifunga skafu, hutia daftari na kalamu mbili mfukoni, nikaenda kukaa kandokando ya uwanja wa Werribee, wa Footscray au popote nilipopangiwa, kutazama vijana wa miaka 17 na 18 wakicheza mpira wa Kiaustralia ambao wenyeji huuita futi. Kazi hii ya skauti, yaani mtafuta vipaji, nimeifanya tangu 2016 kwa niaba ya klabu moja ya ligi kuu ambayo sitaitaja, kwa ujira wa mechi mojamoja usiozidi sana bei ya petroli na bakuli la supu. Siku za wiki mimi ni mwalimu wa shule. Wanaoamua wako ofisini. Mimi ni mmoja wa macho yao ya mwisho wa wiki.

Neno lenyewe lina kichekesho chake. Nilipomwambia kaka yangu kwa simu kwamba nimepata kazi ya drafti, aliniuliza kama Wazungu nao huchezea vizibo vya soda. Drafti ya huku si ile ya barazani. Ni mkutano wa kila mwaka, kwa kawaida Novemba, ulioanza 1986, ambapo klabu zote, ambazo kwa sasa ni 18, hupokezana zamu za kuteua vijana, aliyeshika mkia akitangulia na bingwa akiwa wa mwisho, ingawa zamu hizo zinaweza kubadilishwa kati ya klabu na klabu kabla ya usiku wenyewe. Katika mchezo huu hakuna ada ya uhamisho kama ilivyo kwenye kandanda, kwa hiyo klabu tajiri haiwezi kulifuta kosa lake kwa kumwaga fedha. Kijana naye hachagui aende wapi. Mtoto wa Perth anaweza kulala akiwa kwao na kuamka akiwa mali ya klabu ya Melbourne, umbali wa zaidi ya kilomita 2,700, akiwa na mkataba wa angalau miaka 2 na mama anayelia uwanja wa ndege. Sharti ni kwamba awe ametimiza miaka 18 kabla ya mwaka kwisha, na sharti hilo dogo ndilo lililonipa somo langu la kwanza.

Ilikuwa 2017. Kulikuwa na kijana mmoja, kiungo, mwenye kifua cha mtu mzima na ndevu ambazo mimi nilizipata nikiwa chuoni. Mpira ukirushwa katikati ya uwanja, yeye ndiye aliyetoka nao, huku wenzake wakimwangukia na kuteleza kama maji kwenye jani la mgomba. Nilimwandikia alama ya juu kuliko zote nilizowahi kutoa. Upande wa pili wa uwanja alikuwapo kijana mwembamba, mikono mirefu, aliyesukumwa kila mara alipokaribia mpira, na juu yake niliandika maneno matatu tu: mwembamba, hana nguvu. Sikujisumbua kutazama tarehe zao za kuzaliwa. Wa kwanza alizaliwa Januari, wa pili Desemba ya mwaka uleule, nao walihesabiwa kuwa rika moja.

Bibi yangu, aliyeuza nazi soko la Ngamiani, angenicheka. Mtu wa pwani anajua kwamba kitale huwa dafu, dafu likawa koroma, koroma ikawa nazi, na hakuna mwenye akili anayelishika dafu akalalamika kwamba halikuniki. Mimi niliyekulia chini ya minazi nilisimama Werribee nikalinganisha koroma na dafu, kisha nikastaajabu kwamba koroma ni gumu zaidi. Yule wa Januari aliteuliwa na klabu nyingine, akamaliza miaka yake 2 akaachwa, kwa sababu alipofika kwa watu wazima kila mtu alikuwa na kifua kama chake na yeye hakuwa amelazimika kujifunza jambo jingine. Yule mwembamba aliongezeka kilo na bado anacheza. Alikuwa amezoea kuutafuta mpira kwa akili tangu siku alizokuwa hawezi kuupata kwa mabega.

Aliyenionyesha kosa hilo ni mzee mmoja, fundi seremala mstaafu, aliyekuwa akifanya kazi hii kabla sijaijua Australia kwenye ramani. Alisoma ripoti zangu zote za mwaka ule akiwa amevaa miwani ya kazi yake ya zamani, akapiga mstari chini ya kila neno la sifa: jasiri, mvivu, kiongozi, mzito. Mbele ya kila neno aliandika swali moja, kwamba nilimwona kijana akifanya nini. Nusu ya maswali yale sikuweza kuyajibu. Nilikuwa nimeandika mawazo yangu nikidhani nimeandika nilichokiona, na mimi, ambaye huwakata wanafunzi alama kwa kosa hilohilo, niliona aibu.

Tangu hapo daftari langu lilibadilika sura. Siandiki tena kwamba kijana ana maono mazuri. Nahesabu mara ngapi shingo yake inageuka kabla mpira haujamfikia. Huu ni mchezo wa watu 18 kila upande kwenye uwanja wenye umbo la yai, hakuna kuotea, na adui anaweza kukujia kutoka pembe yoyote, kwa hiyo anayesubiri mpira ufike ndipo atazame amekwisha kuchelewa. Siandiki kwamba anapiga kwa miguu yote miwili, maana katika mazoezi ya kupasha mwili kila mtoto hupiga kwa miguu yote miwili; naandika mguu uliotumika pale tu alipokuwa amebanwa, na hapo utaona mguu wa kushoto wa wengi ukipotea kabisa, kama mgeni aliyeona sahani zikikusanywa. Na mpira unapopotea, mimi huacha kuufuata. Nabaki na yule aliyeupoteza, nikihesabu hatua anazopiga kabla hajaanza kukimbia kurudi.

Jambo hili la mwisho nililielewa vizuri mwaka 2020, mwaka ambao ugonjwa ulifunga kila kitu na ligi ya vijana ya Victoria, jimbo la Melbourne, haikuchezwa. Tulipewa video za mwaka uliotangulia, za watoto wakiwa na miaka 16, tukaambiwa tukadirie wamekuwa watu gani. Niliketi jikoni usiku baada ya usiku nikigundua jinsi kamera ilivyo mshirika mbaya wa kazi hii: kamera hufuata mpira. Kijana anaingia kwenye picha akiwa tayari amefika, na wewe hujui alitokea wapi, kama alikimbia mita 60 au alikuwa amesimama hapo tangu asubuhi. Uwanjani, kwenye baridi, unaona uwanja wote, unamsikia anayepiga kelele za kuwapanga wenzake, na unamwona anayemlaumu mwenzake kwa ishara ya mikono akidhani hakuna anayemtazama. Mwaka ule nilizungumza zaidi na walimu na makocha wa mitaani kuliko nilivyotazama, na baadhi ya mambo waliyoniambia yalikuwa na thamani kuliko video zote.

Kuna pia vipimo, nami sina mengi ya kusema juu yake. Vijana walioalikwa hukusanywa, wakapimwa urefu, uzito, upana wa kiganja, mruko wa juu, wepesi wa kukata kona, mbio za mita 20, ambazo anayezimaliza chini ya sekunde 3 ni mwepesi kwelikweli, na mbio za kilomita 2, ambazo wenye mapafu hukaribia dakika 6. Namba hizo hazisemi uongo, lakini hujibu maswali yake zenyewe. Nimeona mkimbiaji wa ajabu ambaye uwanjani alikuwa akikimbia kwa kasi kuelekea mahali ambapo mpira ulikuwa umekwisha kuondoka.

Yule mzee alipenda kunipima kwa historia. Alinipa drafti ya 2001 kama mtu anavyompa mwanafunzi hesabu ya kichwa. Hawthorn walikuwa na zamu ya kwanza wakamchukua Luke Hodge; St Kilda wa pili wakamchukua Luke Ball; West Coast wa tatu wakapata Chris Judd, ambaye mabega yake yalikuwa yamefanyiwa upasuaji na kuwatia watu wasiwasi. Judd alikuja kutwaa medali ya Brownlow, ile ya mchezaji bora wa msimu, mara 2, mwaka 2004 na 2010. Je, Hawthorn walikosea? Nilijibu haraka kwamba walikosea. Akanikumbusha kwamba Hodge alikuwa nahodha wa timu iliyochukua ubingwa mara 3 mfululizo, 2013 hadi 2015. Kisha akaongeza kwamba katika drafti hiyohiyo Sam Mitchell alingoja hadi jina la 36 na Dane Swan hadi la 58, na wote wawili wana Brownlow nyumbani. Klabu zote zilimpita Swan, na nyingi zilimpita zaidi ya mara moja.

Kwa Joel Selwood, mwaka 2006, kilichotia shaka ni goti. Alishuka hadi nafasi ya 7, Geelong wakampokea, akacheza mechi 355. Tangu nisikie hesabu hiyo, nikikutana na jeraha huuliza lilitokeaje na kijana alifanya nini katika miezi aliyokaa nje, badala ya kulichukulia jeraha lenyewe kama hukumu.

Kuna hadithi moja ambayo watu huku huisimulia kwa kucheka na mimi siipendi. Mwaka 2004 Richmond walimteua Richard Tambling kwa zamu ya 4, na Hawthorn kwa zamu ya 5 wakamchukua Lance Franklin, ambaye alimaliza safari yake akiwa na magoli zaidi ya 1,000. Tambling alicheza zaidi ya mechi 100 katika ligi kuu, jambo ambalo vijana wengi walioteuliwa hawajalifikia, lakini maisha yake yote ya mpira yalipimwa kwa mtu aliyeitwa baada yake. Hakujiteua mwenyewe. Sisi wenye madaftari ndio tunaowapa vijana namba hizo, kisha tunawaachia wao wazibebe.

Nafika sasa kwenye jambo lililonikalia moyoni zaidi. Mitaa ya magharibi ya Melbourne ina familia nyingi zilizotoka Afrika, nyingine zikiwa zimepitia makambi ya Kenya na Tanzania, na watoto wao wameingia katika mchezo huu kwa miguu miwili. Aliir Aliir, aliyezaliwa katika kambi ya Kakuma, aliteuliwa na Sydney Swans mwaka 2013 akiwa jina la 44, na mwaka 2021, akiwa Port Adelaide, akaingia kwenye kikosi bora cha msimu cha nchi nzima. Kwa hiyo hakuna skauti wa leo anayeweza kusema hakujua pa kutazama.

Mwaka 2023 nilipangiwa kumfuatilia kijana mmoja, beki, mtoto wa mama wa Uvira, Kongo, aliyeishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, kabla ya kuletwa Australia. Alikuwa mzuri. Shingo yake haikutulia, aliruka juu ya watu bila kuwagusa, na mpira ulipopotea alikuwa wa kwanza kugeuka. Kwenye daftari la uwanjani haya yote yameandikwa. Lakini nilipokuwa nikihamisha maandishi yangu kwenye fomu ya klabu, mkono ulikuwa mzito. Nilipunguza alama moja hapa, nusu alama pale, mara tatu katika ripoti tatu, kwa sababu nilimwona mtu ofisini akisoma jina langu na jina la mtoto, akatabasamu. Niliogopa kuonekana nampendelea mtu wa kwetu. Nilijiita mwadilifu kwa hilo, na ilinichukua miezi kuelewa kwamba yule kijana alikuwa anatozwa ushuru wa sifa yangu.

Hata hivyo alama zilitosha, na mwezi wa Oktoba mkuu wa usajili akaniomba tufuatane nyumbani kwao, Melton, nikawe mkalimani. Ni desturi ya klabu kuwatembelea vijana na wazazi wao. Mama alitupokea kwa chai na maandazi, akaniita Mwalimu tangu mlangoni baada ya mwanawe kumwambia kazi yangu, nami nikamwita Mama ingawa huenda nimemzidi umri. Mkuu akamuuliza kijana kwa nini alikosa mazoezi ya Jumanne mara kadhaa. Kijana akatazama zulia, akasema alikuwa na shughuli. Niliiona kalamu ya mkuu ikiandika, na kwa kuwa nilikuwa nimekaa ubavuni mwake niliyaona maneno yenyewe: hamtazami mtu machoni, hana msimamo na mazoezi.

Nyumbani kwetu, na Uvira, na Nyarugusu, mtoto aliyelelewa hamkodolei macho mkubwa anapohojiwa. Kijana yule alikuwa anatoa heshima ya juu kabisa aliyofundishwa, na heshima hiyo ilikuwa inaandikwa kama dosari. Kuhusu Jumanne, mama ndiye aliyejibu, kwa Kiswahili, bila kuulizwa.

"Mwalimu, uwaambie Jumanne mimi naingia kazi ya usiku, kule kwa wazee. Wadogo zake ni wanne. Nani atawapikia? Yeye ndiye baba wa hii nyumba, ila hapendi kulisema."

Nikatafsiri. Mkuu akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, akauliza kama mama angekubali mwanawe kuhamia jimbo lingine. Mama akakaa kimya kidogo.

"Hawa wanatafuta mtoto wa mpira ao wanatafuta mtoto wa kazi? Akivunjika mguu huko, nani atamuuguza?"

Mkuu, mtu mwema, akaeleza kirefu kuhusu madaktari wa klabu, bima na hospitali. Nikatafsiri neno kwa neno, nikaona jibu likipita pembeni ya swali. Mama hakuwa ameuliza kuhusu daktari. Aliuliza ni nani atakayekaa kitandani kwa mtoto usiku, amshike mkono, ampelekee uji. Sikuongeza neno, kwa kuwa mkalimani haongezi, lakini ndani ya gari nilisema yote: kuhusu macho, kuhusu Jumanne, kuhusu uji, na mwisho, kwa sauti iliyokuwa ikinikwama, kuhusu alama nilizopunguza. Mkuu aliegesha gari kando ya barabara. Hakukasirika. Alinitaka nimletee daftari la uwanjani lenyewe, si fomu, na tangu siku ile klabu huomba daftari la kila skauti pamoja na ripoti yake.

Usiku wa drafti nilitazama nikiwa nyumbani na mke wangu. Majina yalipita, sitini na kitu, na la kwake halikuitwa, si na sisi wala na klabu nyingine. Niliambiwa baadaye kwamba kilichomwangusha kwetu ni mguu wa kushoto, ambao ukibanwa haufanyi kazi, na nilipofungua daftari langu nikakuta nimeliandika hilo mwenyewe mara tano. Hoja hiyo ilikuwa ya haki. Sijui kama hoja hiyo peke yake ingetosha endapo zile alama zisingepunguzwa, na nimeacha kujifariji kwa upande wowote.

Anacheza sasa katika ligi ya jimbo, akifanya mazoezi mara tatu kwa wiki. Karibu kila mwaka, mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, kuna drafti ndogo ya katikati ya msimu iliyorudishwa mwaka 2019, na ndiyo iliyowapa Richmond Marlion Pickett, mtu wa miaka 27 ambaye mechi yake ya kwanza kabisa ya ligi kuu ilikuwa fainali ya mwaka ule, nao wakashinda. Kwa hiyo mlango haujafungwa. Msimu uliopita mama yake alinipigia kuuliza mazoezi huisha saa ngapi, na mke wangu, aliyekuwa akisikiliza, akasema Jumanne wale wadogo wanne waje kula kwetu. Huja na madaftari yao ya shule, nami huwasaidia hesabu hadi kaka yao awafuate saa mbili na nusu usiku, akiwa na matope magotini.

Wiki ileile walipoanza kuja, niliiandikia klabu barua fupi kwamba sitamtazama tena kijana huyu kwa niaba yao. Mechi zake amepangiwa skauti mwingine, mama mmoja wa Geelong, na daftari lake sijaliona.